Wasomaji Wauliza: Sanaa Ikishatoka Ukumbini

Barua za toleo hili karibu zote zimetoka kwa vikundi, si kwa msanii mmoja mmoja. Zinauliza kuhusu gundi, taa, kibali na pesa: mambo ambayo ukumbi wa maonyesho humfanyia msanii bila yeye kuyaona, na ambayo mtaani lazima ayafanye mwenyewe. Tumezifupisha barua na kuacha majina.

Tuko vijana sita. Tulichapa picha kubwa za akina mama wa sokoni tukazibandika ukutani kwa uji wa sembe. Siku ya tatu kingo zilianza kunyanyuka, macho ya picha moja hayakukutana, na ukungu mweusi ukajitokeza. Tumekosea wapi?
*Kikundi cha picha, Morogoro*

Kosa la kwanza ni unga. Sembe ina chengachenga hata ikichekechwa vizuri, na uji wake ukikauka hupasuka badala ya kushika. Tumieni unga wa ngano mweupe, ule ule wa maandazi, au wanga wa muhogo. Kipimo cha sufuria moja ni nusu kilo ya unga kwa lita 4 za maji. Lita 1 ya maji baridi ikorogeni na unga mpaka mabonge yaishe, lita 3 zichemsheni. Punguzeni moto, mmoja amimine ule mchanganyiko taratibu na mwingine asiache kukoroga, kisha pikeni dakika 5 hadi 10 tangu uji uanze kuwa mzito. Uji mbichi ni mweupe kama maziwa na hautashika kitu. Ulioiva huwa na rangi ya kijivujivu na unang'aa. Chujeni, acheni upoe. Kiasi hicho kinatosha takriban mita 10 hadi 12 za mraba kwenye plasta laini, tabaka la chini na la juu pamoja. Kwenye tofali lisilopigwa plasta, hesabuni nusu yake.

Uji wa jana unafaa, wa juzi umwageni. Ukungu wenu huenda ulitoka humo, au kwenye ukuta wenyewe: kama madoa yalianza chini yakapanda, ukuta unanyonya maji ya ardhini na hakuna gundi itakayowasaidia, hamieni ukuta mwingine. Mtaambiwa mtie mrututu kuzuia ukungu. Msitie. Ni sumu, na mbuzi wa mtaani wanapenda mno karatasi yenye uji wa ngano. Gundi nyeupe ya mbao, kikombe kimoja kwa sufuria hiyo, inasaidia dhidi ya manyunyu, ila siku ya kubandua mtaitafuta patasi.

Macho kutokukutana ni tabia ya karatasi. Ikilowa inatanuka, na inatanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Karatasi ya A0 ya kuchapia ramani, yenye upana wa sentimita 84, inaweza kuongezeka karibu sentimita nzima. Mkibandika kipande kimoja kikavu na jirani yake kimelowa, mstari wa jicho utahama. Dawa yake: kila kipande kipakeni uji kwa nyuma, kikunjeni uji kwa uji, kikae dakika 2, ndipo kibandikwe ukutani. Vyote vipate muda ule ule. Anzieni kwenye macho, kisha mdomo, halafu mwende nje. Shati likikosana sentimita moja hakuna atakayeliona.

Karatasi iwe nyepesi, gramu 80 au chini. Karatasi nzito na ile ya picha yenye kung'aa hunyanyuka kingoni kwa sababu hazinywi uji. Kabla ya kulipia mashine ya ramani, ombeni kipande cha majaribio, kidondosheeni maji, pitisheni kidole. Wino ukitoka, picha yenu italia ukutani mvua ya kwanza. Fotokopi haina tatizo hilo. Karatasi 64 za A3 zilizopangwa 8 kwa 8, zikipandana sentimita moja na nusu, zinatoa uso wenye upana wa mita 2.27 na kimo cha mita 3.25. Ziandikeni namba kwa nyuma kabla hamjatoka nyumbani, kwa penseli. Upepo wa sokoni ukizichanganya mtakesha.

Ukuta upigwe brashi kavu kwanza. Pitisheni kitambaa cheusi: kikitoka cheupe, chokaa inachubuka na picha itadondoka na chokaa yake. Rangi ya mafuta nayo hainywi uji, ipitisheni sendipepa. Fanyeni kazi kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, maana ukuta uliopigwa na jua unakausha uji kabla brashi haijafukuza hewa. Malizeni kwa tabaka jembamba juu ya picha nzima, na kingo mzipitie mara mbili hadi uji uvuke sentimita 2 kwenye ukuta wenyewe. Hapo ndipo kingo zenu zilipokosewa.

Juu ya mabati, karatasi muisahau. Mwaka 2009, msanii JR wa Ufaransa na timu yake walipofunika mapaa ya Kibera yenye jumla ya mita 2,000 za mraba kwa macho na nyuso za wanawake wa pale, walichapa kwenye vinaili, plastiki nyembamba isiyopitisha maji, na picha zikabaki kuwa kinga ya mvua kwa wenye nyumba. Tunavyoona sisi, hilo ndilo lililoifanya kazi ile ikubalike kuliko hata ukubwa wake: aliyetoa paa lake alipata kitu juu ya paa lake.

Salamu sana. Mwenye nyumba Mji wa Kale ameturuhusu tuchore ukuta wake wa mawe wa zamani. Tutumie rangi gani idumu?
*Watatu, Mombasa*

Ruhusa ya mwenye nyumba ni nusu. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na kuna ofisi ya hifadhi chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya ambayo lazima ione mchoro kabla ya brashi kugusa ukuta. Pelekeni picha ya ukuta, mchoro wenye vipimo, na aina ya rangi. Hiyo ya tatu ndiyo watakayoiuliza zaidi, na wana sababu.

Kuta hizo ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa. Zinavuta unyevu na chumvi kutoka chini na kutoka hewani, kisha zinautoa kupitia uso wake. Rangi ya plastiki au ya mafuta inaziba uso huo. Maji yanabaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya rangi, na baada ya msimu mmoja au miwili rangi inabenjuka ikiwa imeshika plasta mgongoni. Plasta ya saruji inaleta balaa lile lile, polepole zaidi. Kwa hiyo rangi "inayodumu" ndiyo itakayoua ukuta.

Chaguo la kwanza ni chokaa yenyewe, iliyolowekwa na kuchujwa mpaka iwe kama maziwa, ikatiwa rangi za udongo: nyekundu, manjano, kahawia, nyeusi. Rangi ya unga isizidi sehemu 1 kwa 10 ya uzito wa chokaa, la sivyo itaacha vumbi mkononi. Epukeni buluu za bei rahisi. Chokaa ni kali na huzila. Lowesheni ukuta kwanza, pakeni tabaka 3 hadi 5 nyembamba, siku moja moja, kivulini. Ikikauka inapauka sana kuliko inavyoonekana ndooni, kwa hiyo jaribuni kwenye jiwe mkasubiri siku nzima kabla ya kuamua. Na miwani mvae: chokaa jichoni si mchezo.

La pili, nasi tungelichagua hili, ni kutogusa ukuta kabisa. Tundikeni kitambaa katikati ya kichochoro. Hapo adui ni upepo. Kitambaa cha mita 3 kwa 2 kikipigwa na upepo wa mita 10 kwa sekunde kinavuta kwa nguvu ya kilo 45 hivi. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Msikifunge kwenye roshani ya mbao wala kwenye nondo za dirisha la zamani. Tumieni kitambaa cha wavu. Kamba za juu ziwe imara, za chini ziwe nyuzi dhaifu za katani, ili upepo mkali ukizidi zikatike hizo, kitambaa kipepee, na jengo lisivutwe.

Tumeazima projekta ya lumeni 3,000. Tunataka kurusha maandishi na michoro usiku kwenye ukuta wa ghorofa, upana wa mita 12. Hakuna stima karibu. Itawezekana?
*Crew ya watu wanne, Nairobi*

Kwa mita 12, hapana. Kwa mita 6, ndiyo, mkichagua ukuta vizuri.

Gawanyeni lumeni, yaani kiasi cha mwanga wa projekta, kwa eneo la picha. Picha ya mita 6 kwa 3.75 ni mita za mraba 22.5, kwa hiyo kila mita inapata lumeni 133. Picha ya mita 12 kwa 7.5 ni mita 90, na kila mita inabaki na 33. Taa ya barabarani nayo inamwaga 10 hadi 20 hivi, zaidi ukutani ikiwa nguzo iko karibu, na projekta nyingi hazifikii namba iliyoandikwa kwenye boksi. Mita 12 itakuwa kivuli cha kivuli. Mkipata projekta ya pili inayofanana, pandisheni picha zote mbili mahali pamoja, mwanga unajumlishwa.

Umbali ni hesabu nyingine. Tafuteni kwenye kijitabu cha projekta uwiano wa kurusha, yaani umbali kutoka ukutani ukigawanywa kwa upana wa picha. Ukiwa 1.5, picha ya mita 6 inahitaji projekta iwe mita 9 kutoka ukutani. Je, mita 9 kutoka ukuta huo ni wapi? Mara nyingi ni katikati ya barabara. Kazi nyingi za namna hii hushindwa hapo. Tarehe 17 Novemba 2011, New York, wanaharakati wa Occupy, vuguvugu la kupinga pengo la utajiri, walirusha "99%" kwenye jengo refu kando ya daraja la Brooklyn. Projekta waliiweka ndani ya nyumba ya mkazi wa jengo la upande wa pili aliyekubali kuwafungulia mlango. Bila dirisha la mkazi huyo kusingekuwa na kazi. Mwaka uliofuata likazaliwa kundi la The Illuminator, likafunga projekta juu ya gari ili lisitegemee dirisha la mtu. Ninyi mna gari? Kama hamna, nendeni mkabishe hodi ng'ambo ya ukuta wenu kabla ya kuchora lolote.

Ukuta uwe mweupe au wa krimu, usiong'aa. Saruji tupu inarudisha kama theluthi moja tu ya mwanga, tofali jekundu chini ya hapo, na kioo hakirudishi chochote cha maana. Andikeni kwa herufi nene nyeupe juu ya nyeusi, maneno machache. Kumbukeni projekta haina rangi nyeusi: nyeusi yake ni ukuta wenyewe ukiwa haujamulikwa. Picha ya usiku yenye vivuli vizuri kwenye kompyuta itageuka uji ukutani.

Umeme: projekta ya wati 300 na kompyuta ya wati 60 zinakula 360. Betri ya gari au ya sola ya volti 12 na saa-ampea 100 ina wati-saa 1,200; ikiwa ni ya asidi tumieni nusu tu, 600, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, inameza kama asilimia 15. Mnabaki na 510, yaani saa 1 na dakika 25. Inveta iwe ya wati 600 na kuendelea, inayotoa umeme laini kama wa gridi. Zile za bei poa hufanya projekta kuvuma na kujizima. Nyaya kati ya betri na inveta ziwe fupi na nene, chini ya mita moja. Acheni dakika 10 za mwisho kwa feni kupoza taa. Kuchomoa ghafla taa ikiwa ya moto ndiyo njia ya haraka ya kununua taa mpya kwa projekta ya kuazima.

Na msidhani kwa kuwa mwanga hauachi doa hauna mwenyewe. Msanii Krzysztof Wodiczko alirusha swastika, nembo ya Wanazi, kwenye ubalozi wa Afrika Kusini ya kibaguzi pale Trafalgar Square, London, mwaka 1985. Polisi walifika wakasimamisha. Yeye alijua anachofanya na alijua gharama yake. Kama ujumbe wenu ni wa aina hiyo, kubalianeni mapema nani atazungumza na polisi na nani ataondoka na vifaa.

Vipi zile taa ndogo za kurusha zenye sumaku?
*Msomaji, Bujumbura*

Ni za kundi la Graffiti Research Lab la New York, mwaka 2006: balbu ya LED ya milimita 10, betri ya kidonge CR2032, sumaku, na utepe wa kuzifunga pamoja. Zinashika chuma na mabati, hazishiki alumini wala zege. Nyekundu huwaka siku nyingi kwa sababu inahitaji volti 2 tu. Nyeupe na buluu zinadai zaidi ya 3 na kufifia mapema.

Ushauri wetu ni msizirushe. Taa ikianguka, mtoto ataiokota, na betri ya kidonge ikikwama kooni inaunguza ndani ya saa mbili. Zilizobaki zinaishia mtaroni. Fungeni waya wa LED za volti 12 kwenye betri moja mtakayoichukua asubuhi.

Tunataka kutumia boda boda kama sanamu zinazotembea. Waendeshaji watatu wamekubali. Tuangalie nini?
*Wanafunzi wa sanaa, Kampala*

Mmepata pa kujifunzia hapo hapo. Tamasha la KLA ART lilipeleka sanaa ndani ya makontena ya mizigo mitaani Kampala mwaka 2012, na mwaka 2014 likawaunganisha wasanii na waendeshaji wa boda.

Mlipeni mwendeshaji kipato chake cha siku nzima, kila siku sanamu iko juu ya pikipiki, hata kama anaendelea kubeba abiria. Abiria wengine wataogopa kupanda, na hasara isiwe yake. Uzito usizidi kilo 10 na ukae chini, karibu na ekseli ya nyuma. Kilo 5 zilizonyanyuliwa juu ya kichwa zinayumbisha kona kuliko 10 za chini. Upana usipite usukani. Taa, vioo na namba visizibwe. Kitambaa na plastiki vikae mbali na ekzosi, angalau shubiri moja, na pasiwe na uzi wowote unaoweza kuingia kwenye cheni. Fungeni kwa bolti na mpira wa tyubu, kisha mwendeshaji mwenyewe aizungushe kwenye barabara mbovu dakika 20. Kitakachodondoka kidondoke siku hiyo. Na anachokataa yeye kimekataliwa. Ndiye anayeishi na kitu hicho kijiweni.

Sisi ni kikundi cha wasanii nane. Tulipata fedha kidogo kwa kazi ya ukutani, tukagombana: jina la nani liandikwe, na pesa zigawanywe vipi?
*Kikundi, Lubumbashi*

Mko mji mmoja na Picha, kituo kinachoandaa Biennale ya Lubumbashi tangu mwaka 2008. Wenzenu wa pale wamepita njia hiyo, waulizeni. Majibu ya dunia ni mengi. Kikundi cha wasanii wanawake Guerrilla Girls wa New York tangu 1985 huvaa vinyago vya sokwe na kutumia majina ya wasanii wanawake waliokwisha kufa, hivyo ugomvi wa jina hauna pa kuanzia. Kikundi cha Ruangrupa wa Jakarta walipopewa kuandaa maonyesho ya documenta ya Kassel, Ujerumani, mwaka 2022 walipeleka fikra ya mfuko wa pamoja, kama ghala la mpunga la kijiji, na vikundi vilivyoalikwa, kikiwemo kikundi cha Wajukuu cha Mukuru, Nairobi, vikaamua matumizi kwa vikao.

Vikao vinakula muda, na mwenye njaa hapendi kikao. Kwa kikundi cha watu wanane na pesa kidogo tunashauri karatasi moja iliyosainiwa kabla fedha haijaingia. Kwanza zitoke gharama za vifaa kwa risiti. Pili malipo ya siku za kazi, sawa kwa wote, aliyechora na aliyekoroga rangi. Hapa ndipo mtabishana, na bora mbishane sasa. Tatu, kama sehemu moja ya kumi ya fedha yote ibaki kwa ajili ya kurekebisha au kuondoa kazi. Kikundi kisipotenga hiyo ya tatu, ukuta ukichakaa mwenye nyumba atawatafuta na hakuna atakayepokea simu. Jina ukutani liwe la kikundi. Majina ya watu wote kwa alfabeti yawe kwenye maelezo na kila picha inayotumwa.

Jambo moja ambalo hamkuuliza: mfadhili akitaka nembo yake ukutani, kataeni au ifanyeni ndogo sana. Katika miji mingi nembo hugeuza mchoro kuwa tangazo mbele ya halmashauri, na tangazo lina ada.

Tumesikia kuna watu waligeuza sehemu ya kuegesha gari kuwa bustani kwa muda. Inafaa kwetu?
*Dada wawili, Dar es Salaam*

Hilo lilikuwa kundi la Rebar, San Francisco, mwaka 2005. Walilipia maegesho kama mwenye gari, wakatandika nyasi, wakaweka benchi na mti, muda ulipoisha wakakusanya kila kitu.

Dar inafaa, ila kulipia nafasi hakukupi haki ya kutandika nyasi. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha halmashauri, na barua ya mwenye duka lililo mbele ya nafasi hiyo iwe ya kwanza kwenye faili. Yeye ndiye anayepoteza wateja wa siku. Chagueni Jumapili. Nafasi ya mita 2.5 kwa 5 inataka nyasi mita 12.5 za mraba, na nyasi zenye udongo zikilowa zina uzito wa kilo 15 hadi 20 kwa mita, kwa hiyo tafuteni kirikuu, si bajaji. Chini tandazeni turubai, na mtaro wa pembeni ubaki wazi. Upande unakotokea magari wekeni vyungu vizito, kilo 40 au zaidi kila kimoja, vyenye utepe unaong'aa. Kivuli ni lazima kuliko mti: mwamvuli mmoja wa muuza vocha utakalisha watu saa nzima, na bila huo wataangalia wakiwa ng'ambo ya barabara. Maji ya nyasi nyunyizieni saa 12 asubuhi kabla hazijapata joto la lami, na tena adhuhuri. Jioni zirudi bustanini siku hiyo hiyo, zikiwa hazijakunjwa zaidi ya saa chache, ili mwenye bustani awakodishe tena.